Arbaleti gani kwa kulungu? Jibu kwa kijana aliye mbali



Mwezi huu barua iliyonifikia haikutoka Kipushi wala Kolwezi. Imetoka mbali, katika jimbo la Ohio, kule Marekani. Aliyeiandika ni mtoto wetu. Alizaliwa Likasi, baba yake alikuwa mtu wa kazi ya shimo, naye mwenyewe aliimba katika koro yetu mbele ya kusafiri na bibi yake. Ninajua nyumba nyingi za hapa ziko na mtoto upande ule. Kwa hiyo nimeona vizuri nimjibu hapa, mbele ya wote. Jina lake nitaliacha.

Anaandika hivi, ninafupisha: "Pasta, wenzangu wa usine wote wanawinda. Saa ya kula wanazungumza paka habari ya kulungu. Wamenialika niende nao mwaka huu. Wanasema bunduki si lazima, ninunue arbaleti. Nimeingia butiki, nikaona kuko aina mingi, nikashindwa. Moja ni dola 400, ingine dola 2.200. Muuzaji anasema ile ya bei kali njo ya kweli, inatupa mshale mbio sana, na wanaweza kunipa kwa deni ya miezi 24. Wewe ulifika huku, uliona. Nichague gani?"

Ndiyo, mwanangu, nilifika huko na niliona. Nitakueleza yote, hata sehemu ile ambayo ni haya kwangu.

Kwanza tuelewane juu ya majina, sababu wasomaji wengine hawajaona vitu hivi. Kulungu tunayemsema hapa si yule wa pori letu. Ni yule Wafaransa wanamwita "cerf de Virginie". Chini ya mkia wake ni peupe, na akikimbia anauinua juu kama kitambaa. Dume mkubwa anaweza kupita kilo 100. Masikio yake yanageuka huku na huku kila wakati. Ukumbuke masikio hayo, nitayarudilia.

Arbaleti nayo ni upinde uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Unavuta kamba mpaka inakamatwa na mtambo, unaweka mshale mfupi, na kamba inakaa imekazwa mpaka uguse gasheti. Si kitu cha jana. Wachina walikuwa nacho zaidi ya miaka 2.000 iliyopita. Baraza kubwa la kanisa lililokutana Lateran, kule Roma, mwaka 1139, lilikataza kukitumia juu ya Wakristo. Hata katika Afrika yetu ya kati, watu wa Fang wa Gabon walichonga arbaleti za miti, na mishale yake ilikuwa midogo sana, yenye sumu.

Zile za butiki leo ni za namna mbili kubwa, na ninyi watoto wa mashimo mtazielewa upesi.

Ya kwanza ni ile ya mikono iliyopindwa kwenda mbele, bila magurudumu. Nguvu yote iko katika mikono ile, kama resori ya gari. Ni kitu cha vipande vichache. Kamba ikichakaa, unaibadilisha wewe mwenyewe, hata porini, kwa msaada wa kamba ingine ndogo. Ubaya wake ni upana: ikiwa imevutwa inaweza kufika nusu mita au zaidi, na katika kiti chembamba juu ya mti inagusa matawi. Tena kuivuta ni kugumu, na mara nyingi haifikii mbio za ile ingine.

Ya pili ni ya puli na kabulu. Kila mtu aliyeona treuil ya shimo anajua kazi ya puli. Hapa puli si za mviringo kamili. Zimechongwa ili zikunje nguvu nyingi ndani ya mikono mifupi na migumu. Kwa hiyo ni nyembamba, nyingine chini ya sentimita 30, na mshale wake unaruka mbio sana. Lakini kamba na kabulu zikichakaa, utairudisha kwa fundi mwenye presi ya kazi hiyo, na utalipa. Kuko pia zile ambazo mikono yake imegeuzwa, inaelekea nyuma. Uzito unakaa karibu na bega, na haikuvuti mbele unapoinyoosha.

Sasa nisikilize habari yangu.

Mwaka 2018, mwezi wa 11, nilikuwa mgeni wa kanisa moja la mashamba, huko Ohio. Nilikaa nyumbani kwa mzee mmoja wa kanisa, mekanisye aliyekwisha kupumzika kazi. Alikuwa na mjukuu wa miaka 19. Mzee alikuwa na arbaleti ya zamani isiyo na puli, rangi yake imetoka mahali mkono unaposhika. Mjukuu alikuwa amenunua mpya ya puli, na katika kitabu chake iliandikwa futi 430 kwa sekunde, ndiyo mita 131. Watu wote pale walipima mbio ya arbaleti kwa futi, kama sisi tunavyopima motere kwa nguvu za farasi.

Siku ya kwanza nilikaa na mjukuu katika kibanda cha kitambaa, pembeni ya shamba la mahindi yaliyovunwa. Baridi ilinishika hata kwenye meno. Karibu na magaribi kulungu akatokea, dume. Akasimama mbali, mita 50 hivi. Kichwa kilikuwa juu, masikio yanatutazama. Kijana akainua arbaleti, akaishusha. Akaniangalia. Alikuwa anasita.

Mimi sikuwa na haki ya kusema kitu. Lakini nilikuwa nimekaa saa tatu katika baridi, na nilitaka kuona. Kwa Kiingereza changu kidogo nikamnong'oneza: "Sasa! Sasa!"

Akapiga.

Nilisikia mlio, na nikaona kulungu anajikunja chini na kugeuka mbele mshale haujamfikia. Ulipofika, haukukuta kifua. Ulimwingia nyuma, katika tumbo. Akakimbia, mkia chini. Sisi wawili tukatoka mbio na taa kumfuata. Hilo lilikuwa kosa la pili. Kulungu aliyepigwa tumbo hafi upesi. Mara nyingi anaenda kulala karibu, na kama mtu anamwacha saa nyingi, atamkuta pale pale. Sisi tulimwamsha. Tulikuta mahali alipolala, majani yamelala na damu kidogo. Kisha hatukukuta tena kitu.

Mzee alikuja. Hakukasirika. Alitafuta na sisi mpaka usiku wa manane, na asubuhi akarudi peke yake, na siku ya pili tena. Hakumpata. Jioni ile mezani alimwambia mjukuu wake: "Kibali chako cha kulungu kimetumika." Kijana akanyamaza, akatikisa kichwa kukubali. Mwaka ule hakuwinda tena. Na mimi niliyenong'ona nilikula chakula changu, lakini hakikushuka vizuri.

Wapendwa, mnyama yule aliteswa sababu ya haraka yangu. Nimesimama mara nyingi kuhubiri juu ya ulimi. Siku ile ulimi ulikuwa wangu.

Baadaye mzee alinifundisha hesabu, kwa penseli, juu ya karatasi ya mkate. Wewe kijana uliye shuleni, twaa kalamu, tufanye pamoja.

Sauti inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde. Hakuna arbaleti ya butiki inayoishinda. Maana yake kulungu anasikia mlio wa kamba kwanza, mshale unafika nyuma. Swali ni moja: kati ya sikio na mshale, kulungu anabaki na wakati gani?

Arbaleti ya mbio sana, ya futi 430, ukipiga mita 36: mshale unatumia karibu sekunde 0,28. Sauti inatumia 0,11. Kulungu anabaki na sekunde 0,17.

Arbaleti ya polepole, ya futi 300, ndiyo mita 91 kwa sekunde, ukipiga mita 18: mshale unatumia karibu sekunde 0,20. Sauti inatumia 0,05. Kulungu anabaki na sekunde 0,15.

Umeona? Ile ya polepole, kwa karibu, inamwacha na wakati mdogo kuliko ile ya mbio, kwa mbali. Muuzaji anakuuzia mita kwa sekunde. Lakini unaweza kupata faida ile ile bila dola, kwa kukaa kimya na kungoja mnyama afike. Na pale kwenye mita 50, penye kulungu mwenye masikio yamesimama, tulimpa robo ya sekunde. Inatosha kabisa kwake kujikunja.

Kuko na jambo lingine. Mshale unaanguka chini upesi kuliko risasi. Ukidhani ni mita 36, kumbe ni 46, mshale utashuka karibu sentimita 20 au zaidi. Mahali pa moyo na mapafu pa kulungu hapana upana mwingi kupita sahani ya chakula. Basi mita 10 tu za kudhani vibaya zinatosha kukosa, au kutesa.

Siku ya sita nilikaa na mzee. Makulungu matatu yalipita mbali, hakuinua mkono. La nne lilikuja likila, kichwa chini, likasimama kwa ubavu, mita 17. Kelele ya kamba, na mwisho. Akanishika mkono nisiinuke. Tulingoja nusu saa nzima kwa saa yake. Kulungu alikuwa amelala hatua 60 kutoka pale. Nikamwuliza: "Mzee, kwa nini hubadilishi arbaleti hii?" Akajibu: "Ninajua mwisho wake ni wapi."

Sasa, mwanangu, nakujibu swali lako. Usiulize kwanza ipi ni ya mbio. Uulize haya:

1. Je, mkono wako unaiweza? Nyingi zinadai nguvu ya kuvuta kati ya kilo 68 na 90. Kamba ya kuvutia, yenye vishikio viwili, inapunguza nguvu hiyo karibu nusu. Kama bega ni bovu, kuko na manivela. Pima kuivuta pale butiki ukivaa koti nzito la baridi. Ukishindwa pale, porini utashindwa zaidi.

2. Utakaa wapi? Kama ni katika kiti juu ya mti au kibanda kidogo, ile nyembamba ya puli itakusaidia. Kama ni chini, mahali peupe, ile isiyo na puli inatosha. Na ukipanda mti, jifunge mkanda wa usalama tangu mguu unapoacha udongo. Baba yako alifunga mkanda kazini, usione haya. Wawindaji wengi wanaumia kwa kuanguka, si kwa mshale. Arbaleti uipandishe kwa kamba nyuma yako, mshale usiwe juu yake.

3. Nani ataitengeneza? Kama fundi yuko mbali, chagua kitu cha vipande vichache. Nunua arbaleti yenye kizuizi cha kukataa kufyatuka bila mshale, maana ikifyatuka tupu, mikono yake inaweza kupasuka mbele ya uso wako. Iwe pia na ukingo wa kulinda vidole. Kamba inapita juu ya reli kama kisu: kidole gumba kikipanda pale, utarudi nyumbani bila ncha yake.

4. Mishale gani? Uzito ule ulioandikwa na mtengenezaji, si mwepesi kuliko ule ili upate mbio. Mshale mwepesi sana unaumiza arbaleti karibu sawa na kufyatua tupu. Vichwa vyenye nyembe viwe vikali kabisa, na uvijaribu navyo pia, maana haviruki kila mara sawa na vile vya mazoezi.

5. Sheria inasema nini? Kila jimbo kule liko na sheria yake. Oregon haikubali arbaleti kwa kuwinda. Ohio, kwako, inakubali, na majira ya upinde yanaanza mwisho wa mwezi wa 9 mpaka mwanzo wa mwezi wa 2. Utahitaji ruhusa ya kuwinda na kibali cha kulungu. Kwa mara ya kwanza watakudai cheti cha masomo, au uende pamoja na mkubwa mwenye ruhusa. Uombe pia mwenye shamba. Na usisahau: nyama ya kulungu wa pori huko haiuzwi. Ni ya kula nyumbani na kugawa. Usije ukafanya biashara, sawa vile tulizoea huku, ukaingia katika matata.

6. Inakula chakula cha nani? Hapa niseme waziwazi. Mama yako alikuja kwangu mwezi wa 9. Hakunituma niandike hili, nisamehe. Minerval ya wadogo wako wawili haijalipwa. Dola 2.200 za deni, miezi 24, ili mshale uruke haraka zaidi kwa mnyama ambaye utampiga kwa mita 20? Hapana, mwanangu. Twaa ile ya dola 400, au tafuta iliyotumika kwa fundi anayejulikana, aikague mikono na kamba mbele yako. Pesa kidogo inayobaki, ununue mishale na kitu cha kulengea. Ujizoeze nyuma ya nyumba kama sheria ya mahali inakubali, ama katika uwanja wao, siku nyingi, mpaka mishale mitano inaingia yote ndani ya sahani. Umbali ule ambapo mmoja anaanza kutoka nje ya sahani, pale ni mwisho wako. Urudi nyuma mita tano, uuandike moyoni, na mtu yeyote akinong'ona "Sasa!" karibu nawe, hata kama ni pasta, usimsikilize.

Sasa wewe unayesoma uko Likasi ao Fungurume utasema: "Arbaleti iko mbali, hii inanihusu nini?" Inakuhusu. Kuko vijana wetu wanaochukua nyuzi za kabulu kutoka mashimo na kufanya mitego porini. Uzi ule haulali. Hauchagui dume ao jike mwenye mimba. Na mara nyingi mwenye kuutega anapata kazi, ao homa, na harudi tena kuutazama. Mnyama anaoza pale, ao anaenda na uzi katika mguu. Yule mjukuu wa Ohio na yule wa huku ni ndugu: wote wawili waliacha chombo kifanye mahali pa uvumilivu. Kama unawinda, uwinde pale inaporuhusiwa, ukaone mwisho wa kila mnyama uliyemgusa. Soma Mezali 12:27, uone namna mwindaji mvivu anavyotajwa pale. Zamani nilidhani ni habari ya kupika tu.

Mwanangu, mwenzako wa kazi akikualika, nenda. Ni vizuri kukaa na watu wa nchi ile, kula nao, kujifunza kunyamaza nao. Ukipata kulungu, utume picha, tutaiona pamoja na mama yako. Ukirudi mikono mitupu juu ya kuwa alikuwa mbali mno, utume barua tu. Hiyo nayo nitaisoma kwa furaha, pengine zaidi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

Baba na mama: Katika nyumba yetu, ni kitu gani tulinunua kwa deni sababu tu wengine walikuwa nacho? Nani alilipa?

Vijana: Ni nani aliwahi kukunong'oneza "Sasa!" wakati moyo wako ulikuwa unasita? Na wewe, ulimnong'oneza nani?

Wote: Mzee yule alitafuta siku mbili mnyama ambaye hakumpiga yeye. Kwa nini?

Tuonane mwezi ujao, Bwana akipenda.

Pasta wenu